Mafunzo ya ufundi ya "bure": nani analipa, nani anafundisha

Kila mwezi, kabla tarehe 7 haijapita, mhasibu wa kampuni Tanzania Bara ana kazi moja isiyoahirishika: kuandaa ritani ya mishahara na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato, TRA. Kuna PAYE, ambayo hakuna mfanyakazi asiyeijua kwa sababu inamegwa kwenye mshahara wake. Kisha kuna herufi tatu nyingine, SDL, ambazo mfanyakazi huyohuyo anaweza kufika kustaafu bila kuzisikia. Yeye hakatwi. Ni tozo ya kuendeleza ujuzi, na anayeitoa ni mwajiri, juu ya mishahara aliyokwisha kulipa.

Nimeanzia kwa mhasibu kwa makusudi. Tangazo la mafunzo ya ufundi "yanayogharamiwa na Serikali" likianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, maswali huwa ni yaleyale. Ni kweli au ni matapeli? Ni bure kabisa? Nikimaliza nitapewa kazi? Maswali hayo hayajibiki vizuri mpaka ujue hela ilikotoka na mikono iliyopitia, maana kila mkono unaoishika huamua jambo fulani kuhusu kijana atakayeifaidi.

Shilingi inavyogawanywa

Tozo hii inatoka kwenye Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, sheria ileile iliyoiunda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: viwanda, hoteli na wakandarasi ndio wanaohitaji mafundi, basi wachangie kuwaandaa. Kiwango kimekuwa kikishuka. Kiliwahi kuwa asilimia 6 ya jumla ya mishahara, kikawa 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, na mwaka 2023 kikafikia 3.5. Pia zamani mwajiri mwenye watu wanne alikuwa ndani. Tangu 2021 tozo inamhusu mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Kila punguzo limepatikana baada ya waajiri, kupitia chama chao cha ATE, kulalamika bajeti hata bajeti kwamba wanabebeshwa mzigo ambao wenzao wa nchi jirani hawana. Ukiitazama Kenya utawaelewa. Kule mwajiri hulipa tozo ya mafunzo ya viwandani ya shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, awe mfagizi au mkurugenzi.

Tuchukue karakana ya samani yenye watu 14, ambayo mishahara yake yote kwa mwezi ni shilingi milioni 6. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 italipa shilingi 210,000. Msomaji atadhani fedha hiyo yote inakwenda kununua randa na mashine za kuchomelea vyuoni. Sivyo. Mgawanyo uliozoeleka ni kwamba theluthi moja, yaani 70,000, huingia kwenye mfuko wa mafunzo ya ufundi stadi unaosimamiwa na VETA. Zile 140,000 hubaki Hazina, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fungu hilo imesaidia kugharamia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu.

Hapo ndipo mwenye karakana anapochemka, na sidhani kama anaonea mtu. Alichangia akitarajia apatikane seremala; theluthi mbili za mchango wake zimemsomesha mtu chuo kikuu. Serikali nayo ina jibu lake: mwanafunzi wa chuo kikuu naye ni kijana, na anachokisomea ni ujuzi pia. Ni jibu la haki kiasi chake, ila ukilikubali lote, neno "ujuzi" linapanuka mpaka linakosa mipaka.

Kuna wasiolipa kabisa. Balozi hazilipi, taasisi za elimu zilizosajiliwa hazilipi, wala mwenye shamba halipi kwa ajili ya watu walioko shambani moja kwa moja. Na wapo wenye wafanyakazi chini ya kumi: gereji, mafundi cherehani wa barazani, wachomeleaji wa mageti, vibanda vya kutengeneza simu. Hawa wa mwisho tuwaweke akilini. Kwa ajili ya mafunzo ya ufundi hawatoi senti. Lakini vijana wengi wa nchi hii wanajifunzia ufundi kwao.

Milango ilivyo

Kijana anayeitafuta fedha hii hakutani na mlango mmoja ulioandikwa SDL.

Mlango anaoujua kila mtu ni chuo cha VETA chenyewe, kwa kozi ndefu. Ada iliyozoeleka ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, na kwa fedha hiyo huwezi kumlisha mtu bwenini hata robo ya mwaka. Tofauti inazibwa na ruzuku na tozo. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa VETA anasomeshwa na umma hata kama mzazi wake anajihesabu kuwa amelipa. Masomo yanapanda kwa ngazi tatu za tuzo ya taifa ya ufundi stadi, NVA I hadi III, na aliyefika ya tatu anaweza kuendelea na ngazi za ufundi wa kati. Mafundi wa rika la wazazi wetu bado wanajitambulisha kwa mtihani wa zamani, "mimi nina Grade Two", na kwenye saiti kauli hiyo bado ina uzito wake. Anayesajili vyuo na kusimamia ubora siku hizi ni NACTVET, iwe chuo ni cha Serikali, cha kanisa au cha mtu binafsi.

Shida ya mlango huu kwa muda mrefu imekuwa nafasi. Mwaka 2023 Serikali ilianza ujenzi wa vyuo 64 vya wilaya pamoja na kimoja cha mkoa wa Songwe, ili kila wilaya iwe na cha kwake. Kando yao vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi 54, vilivyoanzishwa kuanzia miaka ya 1970 kwa mfano uliochukuliwa Sweden. Hivi vina tabia ya upole zaidi: vinampokea hata binti aliyekatishwa masomo, na vingi vinaruhusu mama kuja na mtoto wake. (Zanzibar wana mamlaka yao, na mambo haya wanayaita mafunzo ya amali. Neno hilo sasa limevuka bahari, kwani sekondari za Bara nazo zina mkondo wa amali.)

Mlango wa pili ndio unaozaa yale matangazo ya WhatsApp. Ni Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanza mwaka wa fedha 2016/17 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Serikali haiendeshi madarasa yenyewe. Inaingia makubaliano na vyuo na viwanda, inavilipa kwa kila kijana watakayempokea, na vyenyewe ndivyo vinafundisha. Ndiyo maana orodha yake ina mchanganyiko wa ajabu: vyuo vya VETA, vyuo vya Don Bosco, kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) kwa bidhaa za ngozi, hata kiwanda cha nguo kama Tooku cha Mabibo, Dar es Salaam, kilichofundisha vijana kushona kwenye mashine zilezile ambazo wangezitumia wakiajiriwa. Umri unaotakiwa ni miaka 15 hadi 35, ule unaotambulika kisera kuwa ndio wa kijana.

Ndani ya programu hiyo kuna mambo ambayo watu huyachanganya. Uanagenzi ni wa anayeanza: anajifunza fani, sehemu chuoni na sehemu kazini. Mafunzo tarajali ni ya mhitimu mwenye cheti, diploma au digrii anayekwenda kwa mwajiri kuzoea kazi. Kurasimisha ujuzi ni kwa ajili ya yule ambaye tayari ni fundi. Wapo wahitimu wa chuo kikuu wanaoomba uanagenzi wakidhani ni tarajali, wanajikuta kwenye ufundi bomba. Si vibaya, pengine ndiyo pona yao, lakini sicho walichokiomba.

Na neno "bure"? Kinacholipwa mara nyingi ni ada. Kijana wa Kibondo anayepangiwa chuo Dar es Salaam anatakiwa bado ajue atalala wapi, atakula nini, na nauli ya kila asubuhi itatoka wapi kwa miezi yote ya mafunzo. Wanaoacha njiani wengi hawashindwi na somo. Wanashindwa na kodi ya chumba. Kwa hiyo mafunzo ya bure, bila mtu kupanga hivyo, yanamfaa zaidi kijana mwenye shangazi mjini.

Fundi asiye na karatasi

Mlango wa kurasimisha ujuzi ndio nitakaoukalia kidogo, maana ndio wenye faida kubwa kuliko gharama yake, na ndio unaozungumzwa kidogo kuliko yote.

Mtu amejenga nyumba kwa miaka kumi na miwili. Alianza kama saidia fundi akichanganya zege, akapewa mwiko, leo anasoma ramani kwa kuikodolea macho na ukuta unasimama wima. Zabuni ya Serikali ikitangazwa hawezi kuajiriwa na mkandarasi kama fundi anayetambulika, kwa sababu hana cheti. Anaajiriwa kama kibarua na kulipwa kama kibarua, na kazi anayofanya ni ya fundi. Kumpeleka mtu huyo chuoni miaka miwili ni kupoteza fedha za umma na kuwalaza watoto wake njaa.

Utaratibu wa kurasimisha, ambao VETA iliujenga mwanzoni kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, unakwenda kinyume na chuo. Haumwulizi umesoma wapi. Unamfuata kazini, unampima anachoweza, unabaini mapengo, na mapengo huwa yaleyale: usalama kazini, vipimo vya kitaalamu, makadirio ya vifaa, kuandika ankara, kuongea na mteja. Anapewa mafunzo mafupi ya hayo tu, kisha anapimwa rasmi na kupewa cheti cha ngazi inayomstahili. Fundi magari, seremala, mwashi, mpishi, mhudumu wa hoteli, wote wamewahi kupita humo.

Kuna wanaoubeza wakisema ni "kugawa vyeti". Nadhani hawajawahi kukaa upande wa pili wa meza ya ajira. Na hapa kuna ushahidi wa jirani ambao ni mzuri kuliko hoja zangu.

Uganda, watafiti wakishirikiana na shirika la BRAC waliwafuatilia vijana 1,714 kwa takriban miaka minne. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Kundi moja lilipelekwa vyuo vya ufundi kwa miezi sita kwa gharama ya kama dola 470 kwa mtu, kisha wakatafute kazi wenyewe. Kundi jingine halikwenda chuo: makampuni madogo yalipewa ruzuku ili yawachukue na kuwafundisha papo kwa papo. Na lilikuwepo kundi ambalo halikupewa kitu, ili kulinganishia.

Makundi yote mawili yaliyosaidiwa yalipata ujuzi, na kipato chao kikazidi cha wale ambao hawakupewa kitu. Mwanzoni waliofundishwa na makampuni ndio waliotangulia, jambo la kawaida, maana walianza wakiwa tayari wana kazi. Kadiri miaka ilivyopita wale wa chuo wakawapita. Sababu ilikuwa cheti. Kijana aliyefundishwa kwenye karakana ya mtu anajua kazi, lakini anayejua kwamba anajua ni mwenye karakana peke yake. Siku kazi imekwisha, anaanza upya kubisha hodi kama mtu asiyejua kitu. Yule wa chuo akiachishwa leo anakwenda na karatasi kwa mwajiri wa pili, wa tatu, na anapanda.

Sasa rudi kwa mwashi wetu wa miaka kumi na miwili. Ujuzi anao tayari. Umma haukutoa hata senti kumfundisha. Anachokosa ni kile kipande ambacho Uganda kilileta tofauti. Kumpatia ni wiki chache za mafunzo na tathmini, si miaka miwili ya bweni. Kwa nini basi mlango huu haujapanuliwa mara kumi? Sababu moja, nionavyo, haipendezi kutajwa: kurasimisha mafundi hakujengi majengo. Chuo kipya kina jiwe la msingi na utepe wa kukata. Tathmini ya mwashi juu ya jukwaa la mbao haina mgeni rasmi.

Mfundishaji asiyelipwa

Ukiweka vipande vyote mezani, unaona jambo moja linalokaa upande. Mwenye kampuni ya watu 14 analipa na hafundishi. Mara nyingi hata kijana wa "field" anamwona ni usumbufu. Mwenye gereji ya watu sita hatozwi, wala hapewi, lakini kila mwaka ana vijana wawili watatu wanaoshika spana mkononi mwake. Vyuo ndivyo vinavyopokea fedha, na ili mafunzo yakamilike vinahitaji kuwapeleka wanafunzi kwa hao wawili, kwa hisani yao.

Mtaani hisani hiyo ina bei yake. Mzazi anampeleka mtoto kwa fundi, wanaelewana: mara atoe chochote, mara mtoto atumike mwaka mzima bila malipo, mara anunue vifaa vyake. Ni mkataba wa mdomo. Fundi akiona kijana ni mwepesi anaweza kumchelewesha makusudi, asimwonyeshe kazi ya injini, kwa sababu akishaijua atahama na wateja wake wawili. Siyo roho mbaya. Ni mtu ambaye hakuna aliyemfidia kwa kumzalisha mshindani.

Kenya walijaribu kulishika jambo hili kwa mkono tofauti. Kwenye mradi wa KYEOP, ulioanza 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, kijana wa miaka 18 hadi 29 aliweza kupelekwa kwa fundi wa jua kali, yaani wa karakana za mtaani, na mradi ukamlipa fundi huyo kwa kufundisha. Kijana naye alipata posho ya shilingi 6,000 za Kenya kwa mwezi, siyo mshahara, ila inatosha nauli na chapati. Mradi uliofuata, NYOTA, umechukua pia kazi ya kutambua ujuzi wa mafundi wasio na vyeti na kutoa mtaji wa kuanzia wa shilingi 50,000 za Kenya kwa kijana. Udhaifu wake ni wa miradi yote ya mkopo: ina tarehe ya kufungwa. Fundi aliyezoea kulipwa akifundisha, mradi ukiisha, harudi kufundisha kwa hisani.

Tanzania imewahi kujaribu njia ya kuwafunga waajiri na vyuo kamba moja. VETA ilishirikiana na chama cha mafundi cha Hamburg, Ujerumani, kwenye mfumo wa kupokezana, wiki kadhaa chuo, wiki kadhaa kazini. Chuo cha Taifa cha Utalii nacho, kwa msaada wa ILO, kilifanya hivyo na hoteli za Dar es Salaam kwa mafunzo ya miaka miwili. Hoteli zilikubali kwa sababu ziliona faida ya moja kwa moja: mhudumu aliyekwisha kuzoea jiko lao. Gereji ya watu sita haina ofisa wa kusaini makubaliano na Ujerumani.

Na kazi?

Swali la mwisho la WhatsApp ndilo gumu. Hapana, hupewi kazi. Fedha ya umma inanunua nafasi ya kusoma, na mkataba wa chuo na Serikali unahesabu waliopokelewa na waliohitimu. Kazi ni hesabu ya mtu mwingine. Mwaka 2017 David McKenzie wa Benki ya Dunia alikusanya tafiti za mafunzo ya ufundi katika nchi zinazoendelea, akakuta kwamba kati ya kila vijana 100 waliofundishwa, ni kama wawili tu walioajiriwa ambao wasingeajiriwa bila mafunzo hayo. Wengine ama wangepata kazi hata hivyo, ama hawakupata. Idadi hiyo inavunja moyo, lakini isomwe vizuri: ni wastani, na wastani huchanganya programu zilizofaulu na zilizoshindwa.

Baada ya cheti, anayejiajiri anahitaji vifaa. Mashine ya kuchomelea, jenereta, cherehani ya kiwandani. Hapo inaingia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa na vikundi hewa kugundulika, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Lakini mkopo huo uko halmashauri, mafunzo yako VETA au Ofisi ya Waziri Mkuu, na hakuna karani anayehamisha jina la mhitimu kutoka daftari moja kwenda jingine. Kijana anahitimu Juni, anaanza kutafuta wenzake wa kuunda kikundi Septemba, na kufikia wakati huo mkono umeanza kusahau.

Kwa hiyo ukiletewa tangazo, kabla ya kujaza fomu angalia kama chuo kiko kwenye orodha ya NACTVET. Tangazo la kweli halikuombi utume hela kwa namba ya simu. Uliza ni ngazi ipi ya cheti utakayotoka nayo, maana "cheti cha kuhudhuria" na NVA si ndugu. Uliza malazi ni ya nani. Swali la mwisho usiwaulize chuo. Tafuta mtu wa kundi lililopita, umuulize kama yule fundi aliyepelekwa kwake kujifunza kazi alimpigia tena simu baada ya mafunzo kwisha.